Tangawizi kwa kichefuchefu cha mimba

SWALI: Shikamoo mama. Nipo Kibaigwa, mimba yangu ina wiki tisa. Nikisikia tu harufu ya mlenda jikoni, natapika. Mama mkwe ananichemshia tangawizi kavu asubuhi na jioni, kali mpaka koo linawaka. Jirani naye anasema tangawizi inatoa mimba. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Mama mkwe kapatia dawa, kazidisha kipimo. Tangawizi imefanyiwa utafiti kwa wajawazito na inapunguza kweli kichefuchefu, ingawa kutapika kwenyewe hakupungui sana. Kipimo kinachotumika zaidi ni gramu 1 ya unga kwa siku, yaani kama nusu kijiko cha chai, tena uigawe mara tatu. Kwa kipimo hicho haijaonekana kutoa mimba.

Koo linawaka kwa sababu ni kavu. Kwenye tangawizi mbichi kinachowasha ni jinjeroli. Ikianikwa, sehemu yake hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Mimi nimekuwa mkunga hapa Dodoma mpaka nikastaafu, na kina mama wote nawaambia watumie mbichi. Pale soko la Majengo chagua yenye ganda lililokaza. Ukiivunja itoe maji na harufu ikupande puani. Iliyosinyaa iache hapohapo. Kata vipande vyembamba vitatu, mimina maji ya moto kikombe kimoja, funika kwa dakika kumi. Usiichemshe mpaka maji yawe meusi! Kunywa kidogo kidogo ukiwa bado kitandani, na kipande cha mkate mkavu.

Ikikuletea kiungulia, punguza. Ukiona matone ya damu, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usiiguse. Na siku za kujifungua zikikaribia, iache. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki endelea navyo, tangawizi haifanyi kazi hiyo. Na kama umeanza kula pemba, nakusihi acha, maana udongo unazuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Wengi hupata nafuu kati ya wiki ya 12 na ya 16. Lakini siku ukishindwa kubakiza hata maji tumboni, mkojo ukawa kidogo na wa rangi nzito, au ukisimama unaona kizunguzungu, weka kikombe chini uende kituo cha afya siku hiyohiyo, na mama mkwe akusindikize. Hapo unahitaji dripu.