iPod imeganda: usikubali ifutwe kwanza

Dada, umesema iPod classic yako imeganda kwenye nembo ya tufaha, rekodi za kwaya za marehemu mama ziko humo tu, na fundi wa Luthuli, Nairobi, anataka kuifuta yote. Tafadhali ngoja. Kuiwasha upya hakugusi nyimbo. Kuirudisha ilivyotoka kiwandani hakubakishi hata moja.

Ichomeke kwenye chaji. Sogeza ile swichi ndogo ya juu ifunge, kisha ifungue. Sasa bonyeza Menu na kitufe cha katikati kwa pamoja, usiachilie hadi skrini izime na nembo itokee tena, kama sekunde 8 hivi. Ikikataa, rudia.

Ikiwaka, nakili rekodi hizo kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. Baada ya hapo ndipo ubonyeze Restore, yaani kuirudisha ilivyotoka kiwandani, kwa programu ya iTunes kwenye Windows au Finder kwenye Mac za karibuni, na iwe kompyuta yenye chaji ya kutosha, stima zisije zikapotea katikati.

Lakini ukiisikia ikigonga tik-tik ndani, izime. Hiyo ni diski inayokufa, na kufuta hakutaiponya. Tafuta fundi anayeokoa data.