Kabla hujaomba kibali cha utafiti: kwa maafisa takwimu wapya mlioripoti Kigoma

Faili langu la kwanza la kuomba kibali cha utafiti lilirudi likiwa na ukurasa mmoja na nusu wa hoja. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, na taasisi niliyokuwa nikiitumikia ilitaka kujua hali ya kaya za wavuvi kwenye mialo ya Ziwa Tanganyika. Nilidhani mkubwa wangu akishasaini, kazi iliyobaki ni kusubiri muhuri kutoka Dodoma na kutafuta mafuta ya gari. Hoja ya kwanza iliuliza jibu la swali la 37 la dodoso letu litaingia kwenye jedwali gani. Nilipekua andiko letu lote, jedwali hilo halikuwepo.

Nawaandikia ninyi mlioripoti Kasulu, Uvinza, Buhigwe, Kakonko na kwingineko mkoani, kwa sababu najua mtapewa kazi hii mapema na mtapewa siku chache.

Msingi wa yote ni Sheria ya Takwimu Na. 9 ya mwaka 2015, na marekebisho yake ya 2018 na 2019. Isomeni yenyewe, msitegemee kusimuliwa. Takwimu rasmi ni zile zinazotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) au chini ya mamlaka yake. Kwa hiyo wizara, wakala au halmashauri inayotaka utafiti wake utoe takwimu rasmi hupeleka mapendekezo yake NBS kabla mdadisi hajabisha hodi kwenye nyumba ya kwanza. Ukishakusanya bila idhini, huwezi kurudi nyuma kuomba baraka, maana wanachokagua ni namna ulivyokusanya.

Anzeni kwa kujiuliza kama utafiti wenyewe unahitajika. Sensa ya 2022 iliupa Mkoa wa Kigoma watu 2,470,967, na taarifa zake zimechambuliwa hadi ngazi za chini. Kuna Sensa ya Kilimo ya 2019/20, kuna utafiti wa afya ya uzazi na malaria wa 2022, kuna Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18. Ukiuliza upya kilichokwishajibiwa, faili litarudi, na ni haki lirudi. Lakini someni pia tafiti hizo zinaishia wapi. Ule wa mapato na matumizi ulipangwa kutoa picha ya mkoa. Huwezi kuuchambua ukapata hali ya Buhigwe peke yake, kwa sababu kaya zilizohojiwa humo ni chache mno kubeba hitimisho la wilaya. Hoja ya namna hiyo, ikielezwa kwa aya moja iliyonyooka, ina nguvu kuliko kurasa tano za umuhimu wa takwimu katika maendeleo.

Sasa nirudi kwenye swali la 37, maana hapo ndipo nilipojifunza kazi. Tulikuwa tumeandika dodoso kwa kukaa mezani, kila idara ikiongeza lake. Baada ya ile barua tulifanya kinyume: tukachora kwanza majedwali matupu, vichwa na mistari tu bila namba, tukaandika chini ya kila jedwali nani atalitumia na kwa uamuzi gani. Kisha tukalichukua dodoso na kuuliza kila swali linakwenda kwenye jedwali lipi. Maswali mengi hayakuwa na pa kwenda, tukayafuta. Idara moja ilinuna. Niliumia kwa sababu nilikuwa mgeni na waliokuwa wakinuna walikuwa wakubwa wangu, ila leo nisingerudisha hata moja.

Fanyeni na hesabu ya muda. Chukueni mfano wa kitabuni: ukitaka uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5, fomula inakupa watu 384. Wengi huishia hapo wakaandika 384 kwenye andiko, na wakaguzi wanaiona mara moja. Ile 384 ni kwa sampuli ya kuokota mmoja mmoja mkoa mzima. Sisi tunachagua kwanza maeneo ya kuhesabia watu, halafu kaya ndani yake, na majirani hufanana: mwalo mmoja una maisha yanayokaribiana. Ukizidisha kwa 1.5 kufidia mfanano huo unapata 576, na ukitarajia kaya moja katika kumi isipatikane, unahitaji kuchagua 640. Ukizigawa kaya 16 kwa kila eneo, hayo ni maeneo 40. Dodoso la dakika 70 katika kaya 640 linakula saa karibu 747 za watu. Likishuka hadi dakika 45, ni saa 480. Hizo saa 267 zilizookolewa ni za mama anayeanika dagaa na baba aliyekesha ziwani.

Marekani wameliweka jambo hili kwenye sheria yenyewe, ya mwaka 1980, inayohusu kupunguza makaratasi. Taasisi ya serikali kuu ikitaka kuuliza maswali yale yale kwa watu kumi au zaidi, inapeleka maombi kwenye Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, baada ya kuwapa wananchi siku 60 za kutoa maoni na kisha siku nyingine 30. Fomu hubeba namba ya kibali na makadirio ya muda wa kuijaza, na kibali hakizidi miaka mitatu. Sheria yetu haikuandikwa hivyo, lakini mimi huweka dakika kwenye ukurasa wa kwanza wa dodoso. Najihisi nawajibika kufanya hivyo.

Kuhusu ratiba, msiige ya mikoa mingine. Wavuvi wetu wa dagaa hufanya kazi kwenye giza. Mbalamwezi ikishamiri wanapumzika, kwa sababu taa zao hazivuti samaki. Tulikuwa tumeandika swali la mapato ya "siku 7 zilizopita". Mdadisi akifika mwalo wa Kibirizi mara baada ya mbalamwezi atajaza sifuri kaya hadi kaya. Akifika mwishoni mwa giza atajaza namba kubwa, na zote mbili si kweli. Tulibadilisha tukauliza giza moja zima, yaani kipindi cha kuvua kati ya mbalamwezi moja na nyingine, na wavuvi walijibu bila kukunja uso kwa sababu ndivyo wanavyohesabu wenyewe. Halafu kumbukeni kwamba mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ukitaka kulinganisha miezi 12 inayogusa kipindi hicho na miezi 12 mingine, lieleze jambo hilo ndani ya andiko kabla hujaulizwa.

Kuna maswali yanayohitaji uangalifu zaidi hapa kwetu. Mkoa huu unapakana na Burundi na, ng'ambo ya ziwa, Kongo. "Umezaliwa wapi?" ni swali la kawaida Morogoro. Kwenye vijiji vya mpakani huku mtu husita, humtazama mkewe, na mahojiano yote yaliyobaki hupoa. Kama hamlihitaji, litoeni. Kama mnalihitaji, andikeni sababu, na mdadisi afundishwe kueleza kwamba sheria inalinda siri ya majibu na jina la mtu halitoki ofisini. Tangu Mei 2023 kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, basi elezeni majina na namba za simu zitatunzwa wapi na zitafutwa lini. Na mkitaka kuingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kibali cha NBS hakitoshi; kuna ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani, iombeni sambamba.

Jaribio la dodoso lifanyieni mahali halisi, si ofisini mkiulizana ninyi kwa ninyi. Sisi tulikwenda kijiji kisichokuwa kwenye sampuli, tukakuta neno "kaya" kila mdadisi analigeuza kwa Kiha kivyake: mmoja alisema ukoo, mwingine nyumba. Tukakubaliana tafsiri moja, watu wanaokula chungu kimoja, tukaiandika kwenye mwongozo wa wadadisi. Taarifa fupi ya jaribio hilo iliambatanishwa kwenye faili la pili, na hoja za lugha hazikurudi tena.

Kibali kikitoka, barua zitangulie gari. Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Vijiji vya kusini kama Kalya barua inaweza kwenda na boti, kwa hiyo hesabuni siku. Mwenyekiti asiyejua mnakuja ana haki ya kuwazuia, na anawazuia kwa kuwalinda watu wake.

La mwisho linauma. Wiki moja kabla ya kuingia mialoni, mkubwa mmoja alitaka tuongeze maswali mawili tu, "hayana madhara". Dodoso lilikuwa limeshakubaliwa na limeshaingizwa kwenye vishikwambi. Nilimwendea asubuhi kabla watu hawajajaa ofisini, nikamwekea mezani lile lililokubaliwa, nikamwambia: "Mzee, haya mawili tukiyaongeza, tunachokwenda kufanya si kile tulichoombea." Nilikuwa nimemwandalia barua ya kuomba mabadiliko, ikiwa na jedwali la kila swali na dakika zake. Aliisoma yote. Kisha akachukua kalamu, akafuta swali moja, akasaini barua ipelekwe kwa lile lililobaki, na tarehe ya kuanza tukaisogeza hadi giza lililofuata.