Hedifoni hazikai na chaji: nizitupe?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina hedifoni zisizo na waya, zile kubwa za kufunika masikio, nilizonunua mwaka 2021. Zamani nilikwenda Muheza na kurudi siku tatu nne bila kuzichaji. Sasa zinazima kabla daladala haijafika Pongwe. Sauti bado nzuri. Dukani wameniambia nitupe, ninunue mpya. Kweli hakuna namna?
Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usizitupe. Maadamu sauti ni nzuri na zinashika simu bila tabu, kilichochoka ni betri, na betri hubadilishwa. Hizi za lithiamu zikishajazwa chaji mara 300 hadi 500 huanza kuishiwa nguvu, na joto letu la pwani huziharakisha. Inaniuma kuona kifaa kizima kinakwenda jalalani kwa ajili ya kitu kidogo kuliko kiberiti.

Vuta mto wa sikio taratibu. Skrubu mara nyingi zimejificha chini yake. Betri kwa kawaida huwa upande mmoja tu, usipoiona fungua wa pili. Ni kipakiti bapa cha rangi ya fedha, chenye waya mwekundu na mweusi. Ukikikuta kimevimba, usikichaji tena, wala usikichokonoe kwa bisibisi: kikitoboka kinaweza kuwaka moto papo hapo.

Sasa soma maandishi yake. Namba kama 602535 ni vipimo: unene milimita 6, upana 25, urefu 35. Tafuta yenye vipimo hivyo au pungufu kidogo, na volti zilezile, kwa kawaida 3.7. Ukiuziwa ya umbo lilelile inayodai uwezo mara mbili, irudishe, maandishi hayo ni ya uongo. Kama yako ina nyaya tatu, nunua ya nyaya tatu. Ule wa ziada kwa kawaida hupima joto.

Wakati wa kutoa, kata waya mmoja, funika ncha yake kwa utepe, ndipo ukate wa pili. Ukikata zote kwa mkupuo, koleo linazigusanisha na betri inapiga shoti.

Na hapa nakuomba unisikilize sana. Miaka ya nyuma, kibandani kwangu Ngamiani, nilichomeka betri mpya kwa kutazama rangi tu. Plagi yake ilikuwa imegeuzwa, chanya mahali pa hasi. Ulipanda moshi mwembamba, harufu ya plastiki, na ubao wa saketi wa ndani ukafa. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa madrasa, zilikuwa zawadi ya mwanawe. Nililipa, lakini zile za mwanawe sikuweza kuzirudisha. Tangu siku ile sichomeki betri wala sishiki lehemu kabla ya kuweka mita ya umeme kwenye ncha zote mbili, nijue ipi chanya na ipi hasi. Hata fundi utakayempelekea, mwambie apime mbele yako.

Ukishafunga, chaji ya kwanza ifanye mchana ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia. Zikipata joto la kuunguza mkono, chomoa.

Betri kuukuu isiingie kwenye takataka za uani, maana jioni zitachomwa na watoto wamezunguka, nayo hulipuka motoni. Funika ncha za nyaya kwa utepe, itie kwenye kopo la bati, umpe fundi anayezikusanya.