Mkuu, flashi hiyo usiinunue

Fedha hiyo iache mfukoni. Umeuliza ununue flashi ipi ya kamera kwa ajili ya kupiga picha ndege wa kisiwa cha Saanane, ndani ya Ziwa Victoria, na kama lenzi uliyonayo inatosha. Hilo la kwanza ndilo lililonitoa kimya, kwa sababu yangu niliinunua kwa bei ya kuumiza, baada ya muuzaji mmoja wa hapa Mwanza kuniapia kwamba pasipo flashi ndege hutoka mweusi tii.

Alichokijua ni bei, si ndege. Hakuniambia kwamba flashi ikishawashwa, kamera nyingi hazivuki kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kuingiza mwanga) ya sekunde 1/200 au 1/250, ilhali furukombe, yule tai mla samaki, anayejirusha kunyakua samaki anahitaji walau 1/1000. Nilirudi na picha za kichwa cheupe kinachotambulika na mabawa yaliyogeuka ukungu mtupu. Ipo namna ya kuilazimisha flashi iende na kasi kubwa, lakini hapo nguvu yake hushuka sana, na umbali ukiongezeka maradufu mwanga unaomfikia ndege hubaki robo tu. Kwa ndege aliye mita 30 juu ya maji, ni kujifurahisha. Siku hizi flashi hiyo inazuia mlango wa stoo usijibamize kwa upepo, na kazi hiyo, nikiri, inaiweza.

Wewe lipe jua mgongo, kisha tulia hapo hapo. Vuka na boti ya mapema kadiri utakavyoipata, kwa kuwa huku kwetu jua hupanda upesi, na ikifika saa sita mchana kichwa na kifua cha furukombe vinaungua kwa weupe huku mabawa yake meusi yakikosa hata unyoya mmoja unaoonekana. Wapo watakaokusimulia Saanane ya zamani, bustani ya wanyama iliyoanzishwa 1964, kana kwamba ndege bado wanakungoja kizimbani. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, na ukimfuata mnandi, yule ndege wa majini mla samaki, anahamia jiwe la pili. Ukikaa, akitoka kupiga mbizi hupanda jiweni kutandaza mabawa yakauke, na hapo anakupa muda wa kutosha.

Muuzaji akishikilia lake, mwombe akuoneshe picha moja tu ya ndege arukaye aliyoipiga mwenyewe kwa flashi hiyo.