Bunduki za marisau za kuvuta kwa mkono: kwa nini hazichakai?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kerezo katika mtaa wa Kenya, Lubumbashi. Mjomba wangu, mwindaji mwenye kibali, amerithi kwa baba yake bunduki ya marisau aina ya Winchester Model 12, nayo haijamsumbua hata siku moja. Kwa nini bunduki hizi za zamani hudumu hivi, na kwa nini watu wangali wanazipenda?

JIBU: Ndugu yetu fundi, jibu utalielewa haraka kuliko wasomaji wengi, kwa kuwa limo katika kazi yako. Mwili wa Model 12, iliyoanza kuuzwa mwaka 1912, ulichongwa kutoka katika kipande kimoja cha chuma kilichofuliwa, na kitako chake ni cha mti wa jozi. Zaidi ya hayo, kinachotoa ganda tupu na kuingiza risasi mpya ni mkono wa mwindaji, anayevuta na kusukuma kishikio kilicho chini ya mtutu. Kwa hiyo risasi iwe kali au hafifu, mtambo hautegemei nguvu yake.

Lakini uchongaji huo ulikuwa wa gharama kubwa mno, na ndio uliofanya kampuni ya Winchester iache kuitengeneza kwa wingi katikati ya miaka ya 1960. Bunduki ya kampuni nyingine, Remington 870 ya mwaka 1950, ilikuwa imekwisha kupata njia ya busara: vipande vidogo vilikatwa kwa mashine kutoka katika bati la chuma ili kupunguza bei, ilhali mwili ulibaki wa chuma kizima, na komeo, yaani kipande kinachoziba nyuma ya risasi, likafungwa ndani ya shina la mtutu wenyewe, mahali mshindo ulipo mkubwa. Bunduki hizo za 870 zimetengenezwa zaidi ya milioni 10. Kwangu mimi, Model 12 ndiyo nzuri zaidi kwa macho na kwa mkono, ila 870 ndiyo iliyofikiriwa vizuri zaidi. Ithaca 37, bunduki nyingine ya kuvuta kwa mkono, nayo hutoa maganda kwa chini, hivyo ubavu wake hauna tundu la kuingiza mvua na takataka.

Bunduki ya mjomba wako hugawanyika vipande viwili, na pale mtutu unapoungana na mwili ipo pete iliyowekwa makusudi ili ulegevu unaoletwa na miaka uweze kukazwa tena. Mwombe akuonyeshe, risasi zote zikiwa zimekwisha kutolewa.