Maneno ya mtandao, yajue kwa jozi

Mtu akiniambia "Wi-Fi imekufa", simwamini moja kwa moja. Pengine simu yake haioni jina la mtandao kabisa. Pengine inaliona ila inakataa nenosiri. Pengine imeshaunganishwa lakini kurasa hazifunguki, au zinafunguka vizuri na ni video tu inayozunguka. Hayo ni matatizo manne, na kila moja lina mahali pake pa kulitafuta. Kwa muda niliofanya kazi ya kufunga na kutengeneza mitandao, nimeona watu hawashindwi na maneno magumu, wanashindwa na mepesi yanayokaribiana. Kwa hiyo anayeniomba orodha ya istilahi akakariri simpi. Nampa maneno mawili mawili yanayochanganywa, na jinsi ya kuyatenganisha kwa kuangalia mwenyewe.

Tuanze na hiyo hiyo Wi-Fi na intaneti. Wi-Fi ni mawimbi ya redio kati ya kifaa chako na ruta (boksi linalogawa mtandao nyumbani), na yanaishia hapo. Intaneti iko ng'ambo ya ruta. Vijistari vya Wi-Fi vikijaa kwenye skrini maana yake kifaa chako kinaisikia ruta vizuri. Havisemi lolote kuhusu ruta yenyewe kama inapata kitu kutoka nje. Kipimo ni rahisi: andika kwenye kivinjari anwani ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kwa kawaida imebandikwa chini ya boksi lenyewe. Ukurasa wa mipangilio ukifunguka, Wi-Fi yako ni nzima. Acha kuizima na kuiwasha, tafuta mbele zaidi.

Modemu na ruta hazinisumbui sana siku hizi kwa kuwa mara nyingi zimo kwenye boksi moja. Modemu huzungumza na laini ya mtoa huduma, ruta hugawa kilichopatikana kwa vifaa vya ndani. Linalosumbua kweli ni 5G na 5 GHz. Ruta ikionyesha majina mawili, moja likiishia na "5G", hiyo si 5G ya simu. 5G ya simu ni kizazi cha tano cha mitandao ya minara. 5 GHz ni masafa tu ya mawimbi ya Wi-Fi. Masafa ya 2.4 GHz hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, ila yana msongamano: chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na majirani wote wamo humo humo. Ukikaa karibu na ruta tumia 5 GHz. Ukiwa chumba cha mwisho, rudi 2.4.

Biti na baiti nitazipitia haraka. Baiti moja ni biti 8. Vifurushi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde (Mbps, b ndogo). Kompyuta huonyesha upakuaji kwa megabaiti (MB, B kubwa). Laini ya Mbps 100 haiwezi kuvuka MB 12.5 kwa sekunde, na faili la GB 1 litachukua sekunde 80 hata mambo yakienda sawasawa. Kabla ya kulalamika kwamba umepunjwa, gawanya kwa 8.

Sasa jozi ninayoiona kuwa na kazi kuliko zote: kasi na uchelewaji. Kasi ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Uchelewaji ni muda wa pakiti moja (kipande kidogo cha data) kwenda na jibu lake kurudi, nao hupimwa kwa milisekunde. Laini inaweza kuwa na kasi kubwa na uchelewaji mbaya kwa wakati mmoja. Chukua setilaiti inayokaa juu ya ikweta, kama km 35,786 kutoka ardhini. Ombi lako linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka. Hizo ni zaidi ya km 143,000 za kusafiri, na hata kwa mwendo wa mwanga ni karibu nusu sekunde. Hapo hakuna kifurushi kikubwa kitakachokusaidia. Filamu itapakuliwa vizuri, lakini kwenye simu ya video mtaingiliana maneno, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Ndani ya kebo ya nyuzi mwanga, mwanga huenda kama km 200,000 kwa sekunde, hivyo seva iliyo umbali wa km 1,000 hukuongezea takriban milisekunde 10 tu kwenda na kurudi.

Kuna uchelewaji mwingine unaozaliwa ndani ya nyumba, na ndio ninaokutana nao zaidi. Mtu mmoja anapakia picha zake kwenye hifadhi ya mbali, njia ya kupandisha data inajaa, pakiti zinapanga foleni ndani ya ruta. Wengine wote wanaona mtandao "umekufa". Picha zikimalizika wanapima kasi, wanakuta iko sawa, wanabaki wanashangaa. Ukitaka kuona kwa macho, fungua dirisha la amri, andika ping 1.1.1.1 (amri inayopima muda wa kwenda na kurudi hadi seva moja ya umma), acha iendelee (kwenye Windows ongeza -t), kisha anzisha upakiaji mkubwa kwenye kifaa kingine. Namba iliyokuwa inacheza kwenye milisekunde 20 ikiruka hadi mia kadhaa, umempata mchawi. Tiba yake ni kuipa ruta mpaka wa kupakia ulio chini kidogo ya uwezo wa laini, kama ina mpangilio huo. Kuongeza kifurushi hapo mara nyingi ni kutupa pesa.

Anwani ya ndani na anwani ya nje, yaani namba za IP zinazotambulisha vifaa mtandaoni. Namba zinazoanza na 192.168 au 10 ni za ndani: zipo kwenye mamilioni ya nyumba kwa wakati mmoja na hazifikiki kutoka intaneti. Ruta huzifunika zote kwa anwani moja ya nje, kazi inayoitwa NAT. Sababu ni uhaba. Anwani za IPv4, yaani toleo la nne la mfumo wa namba hizi, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa Februari 2011. Uhaba huo umewafanya watoa huduma wengi nao waweke NAT yao juu ya yako, na hapa ndipo wenye kamera za ulinzi wanapohangaika. Wanafungua milango (ports, njia za kuingilia kutoka nje) kwenye ruta, wanaangalia tena na tena, na bado kamera haionekani wakiwa mbali. Angalia anwani ya upande wa nje ndani ya ukurasa wa ruta, ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti za "IP yangu ni ipi". Zikitofautiana, au ya kwenye ruta ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, acha kufungua milango. Omba anwani ya umma, au tumia huduma ya kamera inayopitia seva yake.

Na ukikuta kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254, hiyo imejipa yenyewe. Iliomba anwani kwa DHCP, mfumo ambao ruta hutumia kugawa anwani, hakuna aliyeijibu.

Jozi ya mwisho ni jina na anwani. DNS ndiyo hugeuza jina la tovuti kuwa namba. Ping ya 1.1.1.1 ikijibu lakini tovuti haifunguki kwa jina, laini yako ni nzima, DNS ndiyo imelala. Badilisha seva ya DNS kwenye mipangilio uone.

Kebo sikuitafutia jozi, ila usiisahau. Kebo ya mtandao ina nyaya nane, jozi nne. Kasi ya megabiti 1,000 inazitaka zote nne. Ya 100 inatosheka na mbili. Waya mmoja wa zile jozi mbili ambazo 100 haizihitaji usipofika mwisho wa kichwa, mara nyingi mtandao haukatiki, unashuka tu hadi 100, na watu wanaweza kukaa hivyo miaka bila kujua. Kompyuta ikiandika 100 Mbps mahali ulipotarajia 1,000, inua kichwa cha kebo kwenye mwanga. Plastiki yake inaonyesha ndani: ncha nane za shaba zinapaswa kugusa ukuta wa mbele, zote.

Ukishapita hapo, mpigie mtoa huduma na umsomee ulichokiona: ruta inafunguka, upande wa nje una anwani fulani, ping inapotea au inajibu kwa milisekunde kadhaa, na hali hiyo imeanza saa ngapi. Atakayepokea huenda bado akakwambia uzime na kuwasha. Mwambie umeshafanya, kisha omba namba ya tiketi.