Mashahidi wa L.A. Noire na kesi za kubambikiwa

Wiki hii mmetuuliza ni mchezo gani wa video wenye hadithi ya uhalifu uliotuteka, na ni wapi ulipotukera. Kwangu ni L.A. Noire, uliotengenezwa na Team Bondi ya Sydney na kutolewa na Rockstar Games mwaka 2011, ambamo mchezaji humwongoza Cole Phelps, ofisa wa jeshi la Marekani aliyepigana Okinawa, Japani, katika Vita vya Pili vya Dunia na sasa ni polisi wa Los Angeles ya mwaka 1947.

Sifa yake kubwa ni nyuso. Waigizaji walirekodiwa kwa kamera 32 zilizowazunguka, hivyo shahidi anapomeza mate, anapokwepa macho au anapojiumauma kabla ya kujibu, unachokiona ni uso wa mtu halisi. Katika kesi ya gari lililotelekezwa likiwa limetapakaa damu, unaokota bomba lenye damu, pochi, miwani na risiti ya ununuzi wa nguruwe hai. Risiti hiyo ndiyo inayokufumbua macho kwamba pengine damu si ya binadamu na kwamba aliyetoweka huenda yu hai. Mdogo wangu, aliyekuwa ameketi pembeni yangu akijifanya mkuu wa kituo, aliing'amua kabla yangu, na sijasahau alivyonicheka.

Kero ya kwanza ni mahojiano yenyewe. Baada ya kila jibu unaamua kuliamini, kulitilia shaka au kumwambia shahidi anadanganya, na ukichagua uongo lazima uonyeshe ushahidi. Mara nyingi nilitilia shaka kwa nia ya kumdadisi mjane kwa upole, Phelps akaja juu na kumfokea kana kwamba ameshamkuta na kisu mkononi. Toleo la mwaka 2017 lilibadilisha majina ya machaguo hayo, likaweka polisi mwema, polisi mkali na kushutumu, jambo ambalo kwangu ni kukiri kwamba majina ya awali yalikuwa yakitupotosha.

Hilo ningelisamehe. Nisilolisamehe ni idara ya mauaji, ambako Phelps anahamishiwa baadaye, na ambaye hajaucheza aruke aya hii. Katika kesi moja unaletewa watuhumiwa wawili, mume wa marehemu na mwanamume mwingine mwenye historia chafu ya kudhuru watoto, na unatakiwa umshtaki mmoja. Ukimshtaki mume, bosi wako anakukemea. Ukimshtaki yule mwingine, anakupongeza. Kesi kadhaa baadaye unagundua kwamba wote wawili hawana hatia, kwani muuaji wa kesi zote hizo ni mtu mwingine mmoja tu, na hata naye habari zake zinafunikwa kwa sababu ya ndugu yake mwenye cheo. Najua waandishi walikusudia kuonyesha jeshi la polisi lililooza, na kama hadithi jambo hilo linaingia akilini. Lakini mchezo ulionifundisha kwa saa nyingi kuusoma uso na kuupima ushahidi haukupaswa kunilazimisha niwabambikie watu kesi, kisha unipe nyota kwa kazi nzuri.

Mji wenyewe unapendeza kuutazama, ingawa nje ya kesi hauna mengi ya kufanya, nami nilizoea kumwachia mwenzangu usukani. Siku hizi nikiurudia mchezo huu hucheza kesi za idara ya magari tu, na siku Phelps anapohamishiwa mauaji, nauzima.